Ufashisti, ukorporati au utawala wa makampuni? Kabla hujachagua neno, angalia nani amekalia kiti cha mfanyakazi

Mei Mosi iliyopita kundi letu la WhatsApp, la watu tuliosoma pamoja sekondari, lilichafuka. Mwenzetu mmoja alituma picha ya maandamano: lori limepambwa maputo, wafanyakazi na meneja wao wamevaa fulana za rangi moja zenye jina la mwajiri kifuani, na kwa mbali jukwaa la wageni rasmi. Chini ya picha akabandika maneno yanayozunguka mtandaoni kwa jina la Benito Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia, kwamba ufashisti ungestahili kuitwa ukorporati, maana ni ndoa ya serikali na makampuni. "Haya, mmejionea," akamaliza.

Wa pili akajibu kuwa huo si ufashisti, ni mabaki ya enzi za chama kimoja. Wa tatu anaishi Uswidi. Yeye akasema kule waajiri na wafanyakazi wanakaa meza moja tangu zama za babu zao na hakuna anayemwita mwenzake mfashisti. Wa nne akatuma kibonzo. Mimi nikaahidi kuandika, nikidhani ni kazi ya jioni moja.

Maneno matatu hapa yanagombea kitu kimoja. Ukichagua vibaya, ama unamtukana asiyestahili, ama unampaka mafuta anayestahili kutukanwa. Nitayaweka bega kwa bega nikitumia nchi zilizoyaonja, na kipimo changu ni kimoja tu. Kwenye meza ya serikali, mwajiri na mfanyakazi, kile kiti cha mfanyakazi kimekaliwa na nani? Na aliyekikalia anaweza kuinuka akaondoka?

Kwanza, nukuu ya kughushi

Maneno yale hayamo kwenye maandishi ya Mussolini. Andiko lake rasmi juu ya ufashisti lilichapishwa 1932 katika ensaiklopidia ya Italia, na sehemu ya kwanza iliandikwa zaidi na mwanafalsafa Giovanni Gentile kuliko yeye. Lisome lote, sentensi ile hukutani nayo. Tena kwa Kiitaliano isingekuwa na maana tunayoipa. Mwitaliano akisikia corporazione hawazi kampuni yenye wanahisa na ghorofa la vioo. Anawaza chama cha mafundi cha karne za kati, wafumaji wa sufu, waokaji, wahunzi, kila kazi na chama chake, bendera yake na mtakatifu wake. Kampuni ya biashara ni società. Aliyetuchanganya ni Kiingereza, ambacho neno lake moja limebeba mizigo yote miwili.

Nasi tuna mtego wetu. Ukitafsiri kwa "ushirika", mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro atadhani unakisema chama chake cha msingi. Ukisema "mashirika", mtu anawaza shirika la umma au la wafadhili. Kwa hiyo nabaki na "ukorporati", neno gumu mdomoni lakini halina deni na mtu. Maana yake ni kuwapanga watu kwa kazi zao badala ya kwa vyama vya siasa au majimbo ya uchaguzi: kila sekta inapewa chombo kimoja kinachotambuliwa, na vyombo hivyo ndivyo vinavyozungumza na serikali. Wazo hili lina umri mkubwa kuliko ufashisti. Wakatoliki wengi wa Ulaya walikuwa wakilizungumza tangu karne ya 19, kwa kuwa liliahidi njia isiyo ya bepari mwenye uchu wala ya mapinduzi ya wafanyakazi, na Papa Pius wa 11 akalipa nguvu mpya kwa waraka wake wa 1931.

Italia: kiti kilivunjwa kwanza, kikachongwa upya baadaye

Fasci di Combattimento, vikundi vya kwanza vya wafashisti, vilianzishwa Milano tarehe 23 Machi 1919. Fascio ni mganda, fungu. Nembo yao ilikuwa fungu la fimbo lililofungwa na shoka, kama walilobeba walinzi wa mahakimu wa Roma ya kale. Wakati huo wafanyakazi wa Italia walikuwa na nguvu kuliko walivyopata kuwa. Septemba 1920 walivikalia viwanda vya vyuma vya Torino na Milano. Mashambani, katika bonde la mto Po, vyama vya vibarua ndivyo vilivyokuwa vikiamua nani aajiriwe na kwa ujira gani. Wenye mashamba hawakusahau.

Kuanzia mwisho wa 1920 vijana wa mashati meusi walipanda malori usiku, marungu mkononi na chupa za mafuta ya nyonyo. Ofisi ya chama cha vibarua inamwagiwa petroli na kuchomwa, madaftari ya wanachama yakiwamo humo. Katibu anatolewa kitandani, anashikwa kichwa, anamiminiwa mafuta yale kooni, kisha anaachwa ajiharie mbele ya majirani. Kipigo mtu anaweza kukisimulia kesho yake akaonekana shujaa. Mafuta ya nyonyo hayasimuliki, na ndiyo maana waliyapenda. Wenye mashamba walichanga fedha na malori.

Nakaa hapa kwa sababu wanaoandika juu ya ukorporati wa Italia huanzia kwenye sheria, nazo sheria zilikuja mwisho. Yule ambaye baadaye angeitwa mezani alikuwa ameshapigwa, ameshakimbilia Ufaransa au ameshanyamaza.

Oktoba 1922 wafashisti wakaandamana kwenda Roma na mfalme akamkabidhi Mussolini serikali. Mwaka uliofuata aliifuta Mei Mosi, sikukuu ya kazi akaihamishia 21 Aprili, siku inayosemekana mji wa Roma ulizaliwa. Kisha tarehe 2 Oktoba 1925, katika jumba la Vidoni mjini Roma, shirikisho la wenye viwanda, Confindustria, na vyama vya wafanyakazi vya kifashisti wakawekeana sahihi: sisi tunawatambua ninyi tu, ninyi mnatutambua sisi tu. Kwenye makubaliano hayohayo zikafutwa kamati za wafanyakazi za ndani ya kiwanda. Kwangu hilo ndilo pigo lenyewe. Kamati ile ilikuwa na mtu uliyemchagua mwenyewe, anayesimama mashine ya tatu kutoka yako, anayejua kwamba feni ya karakana imekufa na msimamizi anakata dakika. Kuanzia siku ile anayekusemea hatoki kiwandani.

Sheria ya 3 Aprili 1926, ya waziri wa sheria Alfredo Rocco, ikapiga muhuri. Kila sekta chama kimoja kinachotambuliwa kwa waajiri na kimoja kwa wafanyakazi. Mgomo ni jinai, na mwajiri kufunga kiwanda ili kuwashinikiza wafanyakazi nayo ni jinai. Ugomvi uende mahakama ya kazi. Mwaka mmoja baadaye, 21 Aprili 1927, siku ileile iliyokalishwa mahali pa Mei Mosi, ikatangazwa Hati ya Kazi, Carta del Lavoro. Wafashisti waliitembeza duniani kama msahafu mpya wa uchumi. Ukiifungua unakuta inasema juhudi binafsi ndicho chombo chenye manufaa na tija zaidi kwa taifa, na kwamba dola liingilie pale tu mtaji binafsi unapokosekana au kupungua, au maslahi ya kisiasa ya dola yanapoguswa.

Kwenye karatasi mizani iko sawa, huyu asigome, yule asifunge. Lakini mwajiri anaweza kupunguza saa za kazi, kusimamisha mashine na kuachisha watu bila kuliita lolote kati ya hayo kufunga kiwanda. Mfanyakazi silaha yake ilikuwa moja. Tena waajiri waliongozwa na waajiri wenyewe, watu wa viwanda kweli, ilhali viongozi wa wafanyakazi waliteuliwa kwa kibali cha chama tawala, wengi wao wasomi wa mjini wasiojua harufu ya tanuru. Matokeo hayakuchelewa. 1927, baada ya Mussolini kulazimisha thamani ya lira ipande mpaka karibu 90 kwa pauni moja, mishahara ikakatwa kwa asilimia kati ya 10 na 20, na walioketi kwa niaba ya wafanyakazi wakapitisha.

Hata aliyeamini kweli hakuachwa. Edmondo Rossoni, kiongozi wa shirikisho la vyama vya kifashisti, alikuwa na ndoto ya chombo kikubwa kimoja chenye sauti mbele ya wenye viwanda. Mwishoni mwa 1928 shirikisho lake likakatwa vipande. Mwenye ndoto akabaki bila shirikisho.

Na yale mabaraza yenyewe, corporazioni, ambayo kwa jina lake mfumo mzima ulitangazwa? Yalikuja kwa sheria ya 1934, miaka 12 tangu kushika madaraka. Yalikuwa 22: nafaka, mvinyo, sukari, nguo, vyuma na kadhalika, kila moja likiwakutanisha waajiri, wafanyakazi, wataalamu na watu wa chama. Wakati huo maamuzi mazito ya uchumi yalikuwa yakifanyika kwingine. Benki tatu kubwa zilipoyumba, serikali ilianzisha taasisi ya IRI mwanzoni mwa 1933 chini ya Alberto Beneduce, ikabeba hisa zao na za viwanda lukuki vilivyotegemea benki hizo. IRI haikupita kwenye baraza lolote la korporati. Iliishi hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Mabaraza yalikufa pamoja na utawala. 1939 Bunge likageuzwa kuwa Baraza la Fasci na Korporati, ambalo mwananchi hakulipigia kura.

Uamuzi wangu kuhusu Italia: ufashisti ndio nyumba, ukorporati ndio pazia la sebuleni. Pazia zuri. Wageni kutoka Marekani mpaka Brazili walilisifu.

Kuna watu wa lugha yetu walioona nyumba hii kutokea uani. Barawa, kwenye pwani ya Banadiri, ambako wenyeji wanasema Chimiini, Kiswahili chao, ilikuwa chini ya Italia. Gavana aliyepelekwa Somalia 1923 alikuwa Cesare De Vecchi, mmoja wa vinara wanne wa yale maandamano ya kwenda Roma. Kwenye mashamba ya Genale, karibu na Merka, vijijini walikamatwa watu wakalime pamba na ndizi kwa lazima. Huko hapakuwa na kiti cha kugombania. Meza yenyewe haikupelekwa.

Ureno: pazia lilining'inizwa kabla ya nyumba

António de Oliveira Salazar alikuwa mwalimu wa uchumi Coimbra, waziri wa fedha tangu 1928, waziri mkuu tangu 1932. Katiba yake ya 1933 iliiita Ureno jamhuri ya umoja na ya kikorporati. Septemba mwaka huo ikatoka sheria ya kazi iliyonakili mengi kutoka Hati ya Kazi ya Italia. Waajiri wakawa na grémio zao, wafanyakazi wa mjini wakawa na vyama vya kitaifa, vijijini zikajengwa Casas do Povo, "nyumba za umma", na baadaye wavuvi nao wakapewa nyumba zao. Vyama vya zamani viliambiwa vijirekebishe au vifungwe. Tarehe 18 Januari 1934 wafanyakazi wakajaribu mgomo mkuu. Katika mji wa Marinha Grande, mji wa viwanda vya vioo, waliushika mji kwa saa chache. Baadhi yao waliishia kambi ya Tarrafal huko Cape Verde, iliyofunguliwa 1936.

Mpaka hapa ni pacha wa Italia. Sasa tofauti. Salazar hakupenda halaiki, hakupenda kelele, hakuwa na jeshi la wahuni lililomweka madarakani. Jeshi lililopindua nchi 1926 lilimwita yeye asawazishe hesabu. Vijana wa mashati ya bluu wa Francisco Rolão Preto walipotaka ufashisti wa kweli wenye gwaride na hotuba, Salazar alikipiga marufuku chama chao mwaka uleule wa 1934. Na korporati? Jamhuri iliyojiita ya kikorporati tangu 1933 ilianza kuziunda korporati zenyewe 1956. Miaka zaidi ya 20 bango la jina liko getini na nyumba haijaezekwa.

Wanahistoria bado wanabishana kama Salazar alikuwa mfashisti. Mimi nasema huu ni udikteta wa kikorporati ulioazima vyombo vya ufashisti: polisi wa siri, chama kimoja, kambi. Kwa mtu aliyekuwa akipigwa tofauti hiyo ni ya vitabuni. Wamakonde wa kaskazini mwa Msumbiji, waliolazimishwa kulima pamba kwa bei iliyopangwa na wengine na waliopigwa risasi Mueda tarehe 16 Juni 1960, wasingekuwa na muda wa kuchambua istilahi. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam miaka miwili baadaye ilimwita adui yake mfashisti, na wazee wetu waliofuatilia vita vile redioni walilizoea neno hilo likiwa limeshikana na Mreno. Kama ni mwanaharakati unayeandika kuhusu miaka ile, tumia neno lao. Kama ni mwanafunzi unayejibu mtihani, andika "udikteta wa kikorporati" kisha ueleze. Utapata alama zaidi, na utakuwa umesema kweli.

Ujerumani, kwa ufupi, maana haina mengi hapa

Hitler aliifanya Mei Mosi ya 1933 kuwa sikukuu yenye malipo. Vyama vya wafanyakazi vikajipanga na bendera, vikaandamana naye. Asubuhi ya tarehe 2 Mei ofisi zao zote zikavamiwa, viongozi wakakamatwa, fedha zikachukuliwa. Mahali pake pakawekwa chombo kimoja chini ya Robert Ley kilichowachanganya wafanyakazi na waajiri, na sheria ya Januari 1934 ikamwita mwenye kiwanda "kiongozi" na wafanyakazi "wafuasi". Mabaraza ya kisekta ya mtindo wa Italia hawakuyahitaji. Mfuasi haketi mezani, husubiri mlangoni. Kwa hiyo anayesema ufashisti na ukorporati ni kitu kimoja ana deni la kuieleza Ujerumani.

Uswidi: meza ileile, kiti kingine

Rafiki yetu wa Uswidi alikuwa na haki ya kukasirika. Nchi hiyo haikuanza kwa upole. Mei 1931, huko Ådalen, wanajeshi waliwafyatulia risasi waandamanaji wakaua watu watano. Miaka saba baadaye, tarehe 20 Desemba 1938, katika hoteli ya pwani ya Saltsjöbaden karibu na Stockholm, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, na chama cha waajiri, SAF, walitia sahihi mkataba mkuu. Angalia mwaka: Italia ilikuwa inajiandaa kulifuta Bunge, Ureno ilikuwa inajaza Tarrafal.

Ukiangalia kwa haraka unaona ukorporati uleule. Vyombo vikubwa viwili, kila kimoja kinasemea upande wake nchi nzima, wanakubaliana mambo ya kazi kwa niaba ya mamilioni. Tofauti ni pale nilipokuomba utazame. Wafanyakazi walikuja kwa miguu yao, viongozi waliwachagua wao, na mgomo haukufutwa, uliwekewa taratibu: toa taarifa, jadilianeni, msiwaumize wasiohusika. Serikali ilikuwa tayari kutunga sheria, na moja ya sababu za pande mbili kukutana ilikuwa kuizuia isiwaingilie. Hata leo Uswidi haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Mishahara inatoka kwenye mikataba ya hali bora. Na mtu akikataa mkataba, wanagoma. Mafundi wa magari wa chama cha IF Metall waligoma dhidi ya Tesla kuanzia Oktoba 2023, na wapakuaji wa bandarini wakakataa kushusha magari yake. Kwa Mussolini wote wangekuwa gerezani kabla ya chakula cha mchana.

Mtaalamu wa siasa Philippe Schmitter alilimaliza jambo hili 1974 kwa kutenga aina mbili, ukorporati unaoshushwa na dola na ule unaopanda kutoka kwenye jamii. Mgawanyo huo unasaidia kuliko nukuu zote za WhatsApp. Kwetu upande wa pili una jina zuri tayari, tunauita utatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Ukiona utatu ambao kila mguu umesimama wenyewe, usilete neno ufashisti.

Na utawala wa makampuni?

Hili ndilo alilokuwa analimaanisha mwenzetu wa picha, bila kujua. Hasira yake ni juu ya kampuni kubwa zinazoandika sheria kwa mkono wa mbunge. Hasira hiyo ina haki, ila anwani amekosea.

Pwani yetu inajua utawala wa makampuni kuliko Italia inavyoujua. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua forodha za pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar 1888 na kuingiza ubabe wake mijini, Abushiri na watu wa Pangani walisimama, na kampuni ikashindwa mpaka serikali ya Berlin ikaleta askari. Kampuni ya Kiingereza yenye hati ya 1888 iliitawala Kenya mpaka 1895, ilipoishiwa. Kaskazini mwa Msumbiji, Kampuni ya Niassa ilipewa hati 1891, ikatoza kodi ya kichwa, ikauza nguvu kazi ya watu kwa migodi na mashamba ya wengine. Huko mwenye hisa alikuwa ndiye serikali. Hapakuwa na itikadi ya taifa, hapakuwa na shati la rangi, hapakuwa na hotuba za roho ya Roma. Palikuwa na daftari la mapato.

Na hati ya Niassa ilikoma lini? 1929, chini ya udikteta wa Lisbon ambao waziri wake wa fedha alikuwa Salazar. Dola la kikorporati halikutaka kampuni itawale mahali pake. Lilitaka kampuni ifanye biashara, itii, na ilindwe dhidi ya washindani na wafanyakazi wake. Utawala wa makampuni na ukorporati wa kidikteta ni mahasimu wanaogombea usukani. Anayebebeshwa mzigo nyuma ya gari anaweza asitambue dereva kabadilishwa, lakini anayetaka kumshitaki dereva lazima ajue ni yupi.

Basi wewe utumie lipi?

Ukiona kampuni inaamua sera na serikali inabeba mkoba, sema utawala wa makampuni, au sema tu rushwa kama ni rushwa. Maneno makubwa humsaidia mwizi mdogo kuonekana mtu wa historia.

Ukiona vyombo vya wafanyakazi vimefutwa kwa sheria, kimoja kikaundwa na serikali, kiongozi wake akateuliwa kutoka juu na mgomo ukabanwa, huo ni ukorporati wa dola. Hapa tuseme ukweli wa nyumbani. Tanganyika 1964, baada ya maasi ya wanajeshi na kukamatwa kwa viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi, shirikisho la zamani lilivunjwa na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa, kikaambatanishwa na TANU, chama tawala. Katibu mkuu aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo waziri wa kazi. Yaani viti viwili vya meza ya utatu, mtu mmoja. Kenya mwaka uliofuata serikali ilifuta mashirikisho mawili yaliyokuwa yakigombana ikaleta shirikisho moja, COTU. Je, ulikuwa ufashisti? Hapana, na nasema hapana bila kusitasita. Hapakuwa na vikosi vya mitaani vilivyonunuliwa na wenye mali kuwaponda maskini, hapakuwa na ibada ya vita wala ya damu. Lakini anayedai haukuwa hata ukorporati, kwa kuwa tuliuita jina tamu zaidi, naye anabisha tu.

Neno ufashisti liwekee masharti magumu. Liweke pale unapokuta vyote pamoja: taifa limefanywa mungu, kiongozi haulizwi, kuna umati uliovalishwa sare na kuruhusiwa kupiga watu, adui wa ndani anatafutwa kila asubuhi, na wafanyakazi wamevunjwa mgongo huku wenye mali wakibaki na mali yao madhali wanatii. Mabaraza ya korporati yanaweza kuwapo au yasiwepo. Kama kitu pekee ulicho nacho ni picha ya meneja na kibarua katika fulana moja, huna kesi. Muulize huyo kibarua mwenyekiti wa tawi lake alipatikanaje, na mara ya mwisho kugoma ilikuwa lini na waliogoma wako wapi. Majibu yake yatakuchagulia neno.

Niliyaandika haya kundini kwa kifupi na mwenye picha akaniuliza swali moja: sasa wale Waitaliano, walikikomboaje kiti chao? Nikamwambia habari ya Torino. Machi 1943, miaka karibu 17 tangu mgomo kuwa jinai, nchi ikiwa vitani na chakula ni cha kadi, wafanyakazi wa kiwanda cha FIAT cha Mirafiori walipanga kuzima mashine saa 4 asubuhi, king'ora cha majaribio kikilia. Wakubwa wakapata habari, king'ora kikanyamazishwa. Mashine zikazimwa hivyohivyo, na mgomo ukasambaa viwanda vingine vya kaskazini. Viongozi wa vyama rasmi hawakuwa na la kufanya, hakuna aliyewaita. Mussolini alianguka tarehe 25 Julai. Tarehe 2 Septemba wafanyakazi na wenye viwanda wakatia sahihi makubaliano ya kuzirudisha zile kamati za ndani ya kiwanda zilizofutwa Vidoni. Upande wa wafanyakazi alisaini Bruno Buozzi, fundi vyuma wa zamani aliyeishi uhamishoni Ufaransa miaka mingi. Siku chache baadaye Wajerumani wakaikalia Roma. Buozzi akajificha, akakamatwa, na alipigwa risasi tarehe 4 Juni 1944, siku ambayo majeshi ya Marekani yalikuwa yanaingia mjini.